Waya juu ya paa langu Kabondo

Ninafundisha fizikia shuleni, katika mtaa wa Kabondo. Mwaka jana nilisoma kwenye simu habari za mawimbi ya redio yaliyokuwa yakifika kutoka mbali angani kwa vipindi sawasawa, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua yanatoka wapi. Baadaye watafiti wakagundua nyota mbili zinazozungukana: moja ndogo nyekundu, nyingine iliyokwisha kufa, iliyosinyaa ikawa ndogo lakini nzito mno. Nilitaka wanafunzi wangu waisikie japo kelele ya jua, maana nalo hutoa mawimbi ya redio, basi nikatandaza waya juu ya paa na kuuunga kwenye redio ndogo.

Kesho yake asubuhi jirani yangu ninayemwita papa, fundi mstaafu kutoka Isangi wa injini za baleinière, zile mashua kubwa za mtoni, alisimama mlangoni.

«Madame, ile waya iko inasikiliza nani?»

«Inasikiliza juu, papa.»

«Juu kwa nani?»

Nilimweleza zile nyota. Hakucheka.

«Wakati wa vita, mutu mwenye redio hivi walimukamata kwa hii barabara. Hakurudi.»

Nikamkaribisha asikilize mwenyewe. Mkwaruzo tu. Kisha ikaja ngurumo fupi, ikakatika. Alitazama saa yake. Ikarudi, na mara ya tatu ikarudi baada ya muda uleule.

«Hii iko mutu,» alisema, akiniangalia mimi, si redio.

Nilijua redio ile haiwezi kufikia nyota yoyote, lakini muda ule sawasawa ulinikumbusha zile nyota. Nami nikaanza kumshuku yeye: mbona alikuwa na hakika hivyo?

Tukachomoa waya, tukazunguka na redio uani kutafuta inakotoka. Kelele ilizidi kadiri tulivyokaribia ukuta wake. Nyumbani kwake binti yake anauza maji baridi. Papa alichomoa friji kwenye umeme. Ngurumo haikurudi tena.

Alinigeukia, plagi ikiwa bado mkononi.

«Na wale watafiti, bon, walizima friji zao kwanza?»

«Waliiona ile nyota nyekundu ikiyumba, papa. Kuna kitu kinaivuta.»

«Walikiona icho kitu?»

«Kwa shida sana; nyota iliyokufa haina mwanga mwingi.»

Alitikisa kichwa. «Weye nakuamini. Wenye kupita barabarani siwajui. Shusha ile waya.»

Niliushusha mchana uleule. Darasani nilisimulia tu habari za zile nyota, na nusu ya wanafunzi walinitazama kama nawadanganya.