Tairi Lililotangulia Ukweni

Jumamosi, tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane. Alfajiri manyunyu, na upepo wa kusi wa baridi mpaka Sidi, mke wangu, akanitupia sweta. Saa mbili jua likatoka safi.

Naona aibu hata kushika kalamu, na aibu yenyewe ni yangu, sikubambikiwa na mtu. Watu wa Kaloleni watakisimulia kisa hiki mpaka wajukuu zao wakichoke, basi afadhali na mimi niwe nimekiandika kama kilivyokuwa, maana nimesoma mpaka darasa la saba tu na kupamba maneno sijui, lakini kusema kilichotokea nadhani naweza. (Nadhani. Sidi akisoma atanisahihisha.)

Mambo yalianza na ndugu yangu mdogo, Karisa, ambaye amemtaka Dama wa Kaloleni huu mwaka wa pili. Kwetu Wagiriama humtaki msichana kwa maneno matupu, upande wa mume hupeleka kadzama, yaani kibuyu cha mnazi, ile pombe ya kugema, na mnazi wenyewe ufike ungali mtamu, kisha binti aitwe mbele ya wazee aulizwe, tunywe au tusinywe? Akisema mnywe, mmepata mke. Akinyamaza au akikataa mnabeba kibuyu chenu mnarudi. Mwaka jana tulikwenda, tukasimama Kilifi kununua mikate na sukari, tukazubaa sokoni, tukafika saa tisa mnazi umechacha. Baba yake Dama akaonja, akatema pembeni kwa adabu, akasema, "Rudini mkiwa tayari." Sisi tukasema ni jua, jua lilikuwa kali. Dama hata hakuitwa. Karisa hakula siku mbili. Mwaka huu tukaletewa salamu kwamba tuje tena, ila tufike kabla ya saa sita, na mara ya tatu haitakuwepo.

Sasa mwenye gari ni mimi. Ni kombi aliyoniachia marehemu baba, ile ya zamani yenye injini nyuma, ina umri kama wangu na inakohoa asubuhi kama mimi, na mimi huitumia kubebea madafu kutoka Matsangoni hadi Malindi. Rimu zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na wiki hii nilipozitazama nikawaza, hivi kweli tutaingia ukweni na miguu hii? Wazo dogo tu. Lingekuwa na sauti ningelifukuza.

Jumatano, Malindi, kwa wauzaji wa vyuma vya magari yaliyokufa, nikaziona rimu nne za gari kubwa la kifahari, la kampuni nyingine kabisa, zinang'aa mpaka nikaona meno yangu ndani. Nikahesabu matundu ya bolti kwa kidole, matano, na ya kombi yangu ni matano. Nikapima kutoka tundu hadi tundu kwa uzi wa kushonea wa Sidi, uzi ukalingana sawasawa, nikajiona mhandisi.

Ijumaa nikazipeleka kwa fundi Shee, ambaye ndiye hunitengenezea kombi miaka yote, mtu wa maneno machache, mikono yake inanuka grisi na udi. Akaziangalia, akachukua bolti moja ya kombi, akaitia kwenye tundu la rimu, akaizungusha.

"Bwana Katana, rimu hizi si za gari lako."

"Lakini matundu yamelingana, fundi. Nimepima kwa uzi."

"Yamelingana, nami naona. Lakini tazama shingo ya bolti yako, mviringo kama yai. Na tundu hili limechongwa mfano wa faneli. Yai ndani ya faneli lagusa ukingo tu, halikai. Gari likitikisika lalegea."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Yawezekana, ukipata bolti zake. Leo sina, nipe mpaka Jumatatu."

Hapo ndipo ningesema haya fundi, tuonane Jumatatu, nikaenda ukweni na kutu yangu. Nikasema, "Zifunge tu, ni safari moja." Akanitazama kidogo. Akafunga, lakini akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema ili asije mtu akamsingizia: "Ukifika Kilifi, kabla hujavuka daraja, simama ukaze. Ukifika Mavueni, simama ukaze tena. Umenisikia?"

Nilisikia. Hata jana jioni nyumbani nilikuwa na spana mkononi nikitaka kukaza, ila mwanga wa jua la magharibi ukapiga kwenye rimu, nikaweka spana chini nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka giza likaingia.

Basi leo tukatoka saa mbili na nusu. Mbele, upande wa kushoto, akakaa mjomba Kahindi, msemaji wetu, kadzama mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Nyuma Sidi na Karisa. Tulipopita, watu wa Matsangoni waligeuka kutazama magurudumu, na mimi (nakiri) nilipunguza mwendo ili watazame vizuri.

Tulipokaribia daraja la Kilifi nikaanza kusogea pembeni.

"Unafanya nini?" mjomba akauliza.

"Nakaza bolti kidogo, mjomba. Dakika tatu."

"Kadzama haisimami njiani."

"Dakika tatu tu."

"Mwaka jana ilikuwa dakika ngapi? Tulisimama papa hapa. Kadzama ikitoka nyumbani haiwekwi chini wala haisimami mpaka kwa wakwe. Endesha."

Sina hakika kama hii ni mila ya Wagiriama wote au ni ya mjomba Kahindi. Jioni nimewauliza wazee watatu, wawili wamesema hawaijui, mmoja amesema ipo. Lakini nimtendee haki, tulikuwa tumeumia mahali pale pale, na mtu akishaumwa na nyoka kwenye kichaka hakai tena karibu na kichaka kile. Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani, si yeye. Nikaendesha. Mavueni hata sikuthubutu kuuliza.

Baada ya Mavueni, barabara ilipoanza kupanda vilima, nikasikia tak. Kisha kimya. Kisha tak, tak.

"Baba Kadzo, hicho ni nini?" Sidi akauliza kutoka nyuma. (Kadzo ni binti yetu wa kwanza.)

"Kokoto."

Kokoto gani inayofuata gari. Ile tak ikazidi kuwa ya mpango, kila gurudumu likizunguka na yenyewe inaitika, na mimi, ambaye sikuimba hata siku ya harusi yangu, nikaanza wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili watu wasisikie. Wakafurahi. Wakaitikia, Karisa akapiga makofi, na lile gurudumu likatushikia mdundo vizuri sana, lazima niseme, halikukosea hata mara moja.

Kabla ya kuingia Kaloleni yenyewe kuna mteremko, na kwao Dama ni chini kule, upande wa kushoto, unapaona tangu juu: mapaa ya mabati, minazi, uwanja uliofagiwa, na leo turubai la buluu na watu wamekaa viti vya plastiki wakitungoja. Ilikuwa saa tano na robo. Nikasema moyoni, tumefika.

Ndipo nikaona tairi likitupita.

Lilitupita upande wa kushoto taratibu, kama mtu anayepita mwenzake kwa heshima, limesimama wima, linang'aa jua lote la saa tano, na wallahi (mimi si mtu wa kuapa, lakini mengine yanataka kiapo) kitu cha kwanza nilichowaza ni uzuri wake. Nikawaza, huyu mwenye rimu hizi ana macho kama yangu.

"Katana," mjomba akasema, "lile tairi la nani?"

"Sijui, mjomba."

Pumzi moja tu. Injini iko nyuma, pua ya kombi ni nyepesi, nadhani kwa pumzi hiyo moja ilikuwa inaelea. Kisha upande wa mjomba ukashuka, chuma kikasaga lami, cheche zikaruka, usukani ukanivuta, nikakanyaga breki na kuomba, na kombi ikajikokota pembeni ikalalia majani. Hakuna aliyeumia. Nilipogeuka nikamwona mjomba Kahindi, mtu wa miaka sabini na ushei, amebanwa na mlango, kofia imemfunika macho, na mikono yake miwili iko juu kabisa imegusa paa, na kadzama ndani ya mikono ile imesimama wima. Hakuna tone lililomwagika. Nimekaa na mjomba huyu maisha yangu yote sikujua kama ana mikono ya namna ile.

Lakini tairi bado lilikuwa safarini. Tulishuka, tukasimama barabarani wote wanne tukalitazama, maana hapakuwa na la kufanya. Likaacha lami, likaruka mtaro, likakata shamba la mihogo bila kuangusha shina, likapita katikati ya minazi miwili ambapo mimi na baiskeli ningegonga, likaingia uwanjani kwao Dama. Watu wakainuka. Wakaliachia njia. Likauzunguka uwanja, mzunguko mkubwa, kisha mdogo, kisha mdogo zaidi, likayumba kama sinia iliyoangushwa, likalala mbele ya kiti cha bibi yake Dama, uso wake unaong'aa juu. Kutoka kule mlimani tulisikia likitulia. Nimeishi miaka hamsini, nimeona bahari ikirudi nyuma, nimeona radi ikipasua mnazi, lakini sijawahi kuona kitu kikienda kinakotaka namna ile.

Kisha mjomba akaweka kofia yake sawa, kadzama kifuani. "Gari ndilo limesimama," akasema. "Kadzama haijasimama. Twendeni." Tukateremka kwa miguu, yeye mbele.

Tukapiga hodi. Baba yake Dama akatutazama mmoja mmoja.

"Karibuni. Mwenzenu ametangulia. Hakupiga hodi."

Watoto wakacheka wakanyamazishwa. Bibi yake Dama, ambaye haoni vizuri, alikuwa anaipapasa rimu kwa fimbo yake. "Huyu ndiye bwana harusi?" akauliza. "Mbona baridi?" Nilitamani mihogo inifunike.

Mnazi ukamiminwa. Baba yake Dama akaonja, akameza. Mtamu. Lakini uso wake haukufunguka, na nilimsikia mzee mmoja akinong'ona, watu wasiojua kufunga tairi watafunga ndoa? Dama akaitwa. Akaja amejitanda leso mbili, akapiga magoti, na baba yake akauliza, "Mama, watu hawa unawajua? Mnazi huu tunywe au tusinywe?"

Dama akatazama tairi. "Nani aliyelifunga?"

"Fundi mmoja wa Malindi," mjomba akasema upesi. "Hawa mafundi wa siku hizi, mwanangu."

"Fundi hakuwaambia kitu?"

Karisa akanitazama. Sitausahau ule uso, alikuwa ananiomba ninyamaze na ananiomba niseme, yote mawili. Nikawaza, nikisema, anakataliwa kwa ajili yangu, na nisiposema, Shee ambaye hayupo anabeba mzigo ambao si wake. Nikasimama.

"Fundi aliniambia," nikasema. "Aliniambia rimu si za gari hili, aliniambia ningoje Jumatatu, sikungoja. Aliniambia nisimame mara mbili nikaze, sikukaza. Nilitaka mnione tunang'aa. Ile sauti niliisikia tangu Mavueni, nikaimba ili wenzangu wasisikie. Karisa hakujua lolote."

Nikakaa. Ndipo mjomba Kahindi, ambaye hajawahi kukosea tangu nimjue, akakohoa, akasema, "Kusimama alitaka. Mimi nilimkataza." Akatazama chini.

Nilimgeukia. Kuliko tairi, naandika, hilo ndilo lililonishangaza.

Dama akainua uso. "Mwaka jana mlitwambia ni jua," akasema. "Mjomba wangu alikuwa amewaona sokoni Kilifi." Akatutazama. "Leo mmesema. Baba, mnywe."

Vigelegele. Karisa akalia waziwazi, hakujali. Dama alipokuwa anainuka akapita mbele yangu, akainama kwa adabu, akasema kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Ila shemeji, siku ya kunichukua, nitakuja na gari la kwetu." Wakacheka mpaka bibi akataka arudiwe.

Fundi Shee nilimpigia simu, akaja alasiri na rimu zangu za kutu kwenye pikapu ya jirani yake. Hakunisuta. Mnazi hanywi, akapewa dafu, akanywa, akalala chini ya kombi kwenye vumbi akafunga zote nne, kisha akanipa spana mkononi nikaze mwenyewe huku anatazama. Rimu za kung'aa tumeziacha kule, bibi amesema ile ya kwake haitoki, ataanikia pilipili juu yake.

Tulirudi tukisimama Mavueni na tukisimama Kilifi, na mjomba ndiye aliyekuwa akikumbusha. Kombi ilikuwa kimya. Sitalifunga tena gari hili kitu kisicho chake, na mtu anayejua kazi akiniambia ngoja, nitangoja, hata kama ni mpaka Jumatatu ya mwakani. Naandika hivyo, lakini najijua, ndiyo maana nimemwambia Sidi aweke sahihi chini ya ukurasa huu.

Usiku tumekula sima kwa mtsunga, ile mboga chungu, na samaki mmoja wa kukaanga aliyegawanywa na Sidi vipande vinne. Niliangalia. Kipande changu hakikuwa kidogo kuliko vya wengine.