Mashine ya Kumsomea Cherehani

Kaka yangu huandika maneno sabini kwa dakika, na hajaiona kibodi tangu alipokuwa na miaka ishirini na saba. Ofisini wanamwita Cherehani, kwa sababu ukipita nje ya mlango wake unasikia mtu anashona: tatatata, kimya kidogo, tatatata tena. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za kesi za baraza la ardhi na kuzigeuza kuwa maandishi. Mguu wa kulia, bila kiatu, hukanyaga pedali ndogo inayosimamisha sauti za mashahidi na kuzirudisha nyuma. Sikio la kushoto humsikiliza shahidi. Sikio la kulia huisikiliza kompyuta, ambayo ina programu ya kumsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, tena kwa kasi ambayo sisi wengine tunaisikia kama choroko zinazomwagwa kwenye sinia.

Ameishi hivyo miaka kumi na tisa. Huku mtu analalamika kwamba mpaka umesogezwa, huku mwingine anaapa kwamba haukusogezwa hata kidole, na katikati yao Cherehani anashona.

Alhamisi moja asubuhi mashine yake ilizimika katikati ya sentensi. Fundi wa ofisi aliifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga. "Pole, kaka. Hii imeshakata roho." Karani mkuu, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alimwekea mkono begani akamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike tu. Tukipata namna tutakuita." Kabla hajapata fimbo yake, binti wa mapokezi alikuwa ameshaambiwa akae kwenye dawati lake, kwa muda.

"Pumzika tu," Kaka alinirudia maneno hayo mchana, akiwa amekaa kitandani na viatu miguuni, jambo asilofanya kamwe. "Mwenye macho akiambiwa apumzike, ni siku mbili. Mimi nikiambiwa..." Aliikunja fimbo yake, akaikunjua, akaikunja.

Alimpigia simu karani mkuu mbele yangu. Alimwomba asimpe mtu dawati lile moja kwa moja. Jumatatu saa mbili asubuhi angekuwa pale na mashine yake mwenyewe, iliyo tayari kwa kazi.

"Sawa, Jumatatu," yule mama alisema. "Ila ikishindikana, usijilaumu."

Kaka alikata simu. "Umesikia? Ameshaniandalia na pole."

Mtu anayeona akihama kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine hupata usumbufu mdogo: alama aliyoizoea kushoto sasa iko kulia, basi, anaitafuta kwa jicho. Kaka hana pa kutafutia. Njia zake zote ziko kwenye vidole, vitufe viwili au vitatu kwa wakati mmoja, mamia ya michanganyiko, na kila mfumo una michanganyiko yake na sauti yake. Kuchagua mfumo, kwake, ni kuchagua lugha atakayofanyia kazi. Alikuwa na siku tatu.

Fundi wa ofisi alimshauri achukue Linux, maana ni ya bure na haichagui mashine. Kaka alimshukuru. "Ya bure, sawa," aliniambia baadaye, "lakini sijawahi kuigusa. Nianze chekechea na mvi hizi?"

Ijumaa alimpigia rafiki yake tunayemwita Profesa. Walijifunza kutembea kwa fimbo nyeupe pamoja, ukubwani wote wawili, wakigongana kwenye ukumbi mmoja. Profesa anatumia Mac, na huisifu kama watu wanavyowasifu wajukuu zao.

"Bado hujaachana na hiyo Windows?"

"Ndiyo iliyonilisha, bwana."

"Sikiliza, Cherehani. Yangu niliitoa kwenye boksi mwenyewe, nikaiwasha mwenyewe, ikaniongelesha. Sikumwita mke wangu wala jirani. Wewe nani atakuandalia?"

"Na hii inaongea pia, ukijua vitufe vya kubonyeza."

"Ukijua! Na ukisahau?"

"Nikisahau nitakupigia unicheke."

"Nimeshaanza," Profesa alisema, na kweli alikuwa anacheka.

Mimi nilikuwa upande wa Profesa, na sababu yangu haikuwa nzuri. Miaka miwili kabla ya hapo, Kaka akiwa bafuni, kompyuta yake ya kazini, siku hiyo ikiwa nyumbani, iliweka ujumbe kwenye skrini: sasisho jipya liko tayari. Niliona nimsaidie. Nikabonyeza kukubali, nikabonyeza kukubali tena, na nilipoulizwa kama nataka kuanza upya bila programu za zamani nikakubali na hilo, kwa sababu kuanza upya kulisikika kuzuri. Alipotoka bafuni, taulo begani, aliweka vidole kwenye kibodi na pakawa kimya. Nilikuwa nimeifuta sauti yake kwa mkono wangu. Siku nne zilipita kabla ya kupatikana mtu wa kuirudisha. Hakunigombeza. Siku hizo nne alikaa mezani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na kila niliposogea aligeuza uso kunifuata.

Kwa hiyo nilitaka mashine nyingine, mfumo mwingine, kitu kisichonikumbusha. Na kuna hili pia. Kilichomchukua macho Kaka ni presha ya macho, na ugonjwa huo unatembea katika ukoo. Nina miaka arobaini na minne. Barua ya kliniki, ya kuniita nikapimwe macho, imekaa kwenye pochi yangu miezi mitatu, na siku hizi taa za barabarani naziona zimezungushiwa duara. Sikumwambia mtu. Nilitaka tu nione kwamba mtu anaweza kutoa mashine kwenye boksi peke yake ikamsemesha.

Jumamosi tulikwenda dukani. Lilikuwa duka la kompyuta lenye kuta za vioo na baridi ya kutengenezwa. Muuzaji, binti mwenye rundo la funguo kiunoni, alinigeukia mimi.

"Mzee anapenda rangi gani?"

"Isiyopiga kelele," Kaka alijibu. "Na umwulize mzee mwenyewe, mwanangu. Masikio hayajaenda popote."

Binti aliona haya, akacheka, akaomba radhi, akaleta mashine mbili. Ya kwanza Mac, ya pili ya Windows. "Hizi nimeshawaandalia kila kitu," alisema. "Kuna sauti ilikuwa inaongeaongea, nimeizima msisumbuke."

Kaka alikuwa ameshaweka mikono juu ya ile ya kwanza. Alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. "Hii imewaka?"

"Imewaka, mzee, si unaona ha..." Binti alijishika mdomo.

Ulikuwa ukimya uleule wa siku zile nne, na safari hii pia umeletwa na mtu mwenye nia njema. Kaka aliondoa mikono polepole.

"Mwanangu, nikuombe kitu. Zifute zote mbili, zirudi kama zilivyotoka kiwandani. Halafu niachie. Nataka nianze mwenyewe."

"Na akikwama?" Aliniuliza mimi tena.

"Nikikwama, nimekwama," Kaka alisema. "Wewe kaa hapo, duka ni lako, ila usininong'oneze. Dada yangu ndiye atoke nje. Huyu anapumua kwa sauti."

Nikatoka. Nilisimama upande wa pili wa kioo, pochi nimeikumbatia, nikamtazama kaka yangu kama ninavyotazama watu kwenye televisheni iliyoondolewa sauti.

Alianza na Mac. Nilimwona akiinamisha kichwa, maana yake imeongea. Alitabasamu. Vidole vilitembea, vikasimama, vikatembea. Halafu mkono wa kushoto ulitafuta kitufe mahali kilipokaa maisha yake yote, ukapata kingine. Alijaribu tena. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi, na mikono ikainuka ikabaki hewani juu ya kibodi. Namfahamu. Hivyo ndivyo alivyosimama jikoni kwa mama siku ya kwanza ambayo hakuliona dirisha mchana. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Binti alinyoosha mkono kumsaidia, akakumbuka, akauficha mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Sikukisukuma, lakini nisisifiwe kwa hilo. Miguu ndiyo iliyokataa.

Aliifunga ile mashine kwa upole, akaipapasa kidogo juu kama anaiaga, akavuta ya pili.

Vitufe vitatu kwa pamoja. Alisikiliza. Mabega yalishuka kidogo, kisha kidogo tena. Kila hatua ilichukua muda mrefu, na mara mbili nilimwona akisimama na kuuma mdomo, lakini mikono haikuinuka tena hewani. Alichomeka flashi yenye programu zake, akaziweka moja moja. Karibu saa nzima. Kisha alitoa kwenye mfuko wa plastiki pedali yake, akainama, akavua kiatu cha kulia na soksi, palepale katikati ya duka. Mteja mmoja alisogea pembeni. Kaka alikanyaga. Binti akaziba mdomo kwa mkono. Sikusikia kitu, lakini niliviona vidole, na niliijua sauti yake: tatatata.

Nilipoingia alikuwa anavaa soksi. "Hii," alisema.

"Lakini Kaka, Profesa alisema ile nyingine..."

"Ile ni nzuri. Ina sauti tamu kuliko mtangazaji wa redio. Ningekuwa na miezi mitatu ningeibeba. Mimi nina kesho tu."

"Na likija sasisho kama lile la siku ile?"

Alifunga kamba za kiatu kwanza. "Mdogo wangu, unaiogopa mashine au unajiogopa?"

Binti alitufungia boksi akiwa ameinamisha kichwa, na safari hii risiti alimkabidhi yeye.

Sasisho lilikuja kesho yake, Jumapili, baada ya chakula. Kaka alikuwa mezani anapanga mafaili yake, mimi nafuta vyombo. Mashine ilisema kitu, yeye akaacha kuandika.

"Kuna sasisho," alisema. "Inataka ijizime na kujiwasha."

Kitambaa kilinidondoka. "Iahirishe."

"Naweza. Halafu kesho itaniomba tena mbele ya karani mkuu, na ikinyamaza itanyamaza pale." Alivuta pumzi. Alijifuta viganja kwenye suruali, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na moja. "Bora inyamaze hapa. Umekaa wapi?"

"Hapa, mbele yako."

"Mikono iko wapi?"

"Mapajani."

"Iache hukohuko. Na usiniambie skrini inasema nini."

Akabonyeza. Sauti ilikatika katikati ya neno.

Nilikuwa naiona skrini. Maandishi madogo, kiduara kinachozunguka, asilimia. Kumi na mbili. Ishirini na sita. Thelathini. Ikagoma hapo thelathini. Nje jirani alikuwa anafagia uwanja, na kila ufagio ulipogusa ardhi Kaka aligutuka. Vidole vyake vilikuwa vinaandika juu ya mbao ya meza, haraka, kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakisoma. Thelathini. Nilifikiri kuhusu dawati na binti wa mapokezi. Nilifikiri kuhusu ile pole iliyoandaliwa mapema. Ilipofika mahali siwezi kuvumilia kuijua peke yangu ile namba, nilifumba macho.

Nilidhani itakuwa nafuu. Mara moja sikujua tena kama mashine iko hai. Palikuwa na ufagio, tone la bomba jikoni, pumzi zetu mbili, na pale ilipokuwa mashine hapakuwa na kitu. Dakika moja niliishi hivyo, labda na nusu, na barua ya kliniki niliihisi ndani ya pochi kule chumbani kana kwamba nimeishika. Bila kufikiri nilinyoosha mkono kuitafuta mashine. Nikagonga mkono wake. Ulikuwa umeshafika, kiganja kimelala juu ya kibodi.

"Nilisema mapajani," alinong'ona.

"Samahani."

Hakuuondoa mkono wangu. "Bado ina joto," alisema. "Kuna kitu kinazunguka huko ndani. Subiri."

Tukasubiri. Jirani alimaliza kufagia. Kile kitu kilichokuwa kinazunguka kikasimama, joto likabaki chini ya viganja vyetu bila mtetemo wowote, na nikasikia Kaka ameacha kupumua.

Halafu choroko zikamwagika kwenye sinia.

Alitoa pumzi ndefu mno, ikaishia kama kicheko. Vidole vyake vilisukuma vyangu pembeni vikajibu.

"Imesema nini?" niliuliza.

"Inataka neno la siri. Geukia huko."

"Kaka, nimefumba macho."

Vidole vilisimama. Nilijua, bila kuona, kwamba uso wake umenigeukia.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu thelathini."

"Haya, fumbua," alisema taratibu. "Fumbua, mdogo wangu, uninyooshee shati la kesho."