Bangili Ndani ya Gagulo

Kila alipotaka kusafiri, Bhanu alianza na sindano na uzi. Sanduku baadaye, pasipoti baadaye. Alikaa kitandani kwake Queensbury, London, akafumua upindo wa gagulo la kuvaa chini ya sari, akatia bangili mbili za dhahabu, akashona upya. Bangili hizo alivishwa na marehemu mumewe, Hemant, aliyezinunua kwa mshahara wa kiwandani. Tangu afariki Bhanu hakuzivaa tena, kama desturi ya wajane wa kwao. Kuziacha nyumbani hakuthubutu. Wezi wa mtaa ule walijua vizuri nyumba za Wahindi zina nini.

"Mum, please," alisema bintiye Kalpana, mzaliwa wa London, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

"Wewe hujui kitu," alisema Bhanu. "Hukuwapo."

Kweli hakuwapo. Baada ya mapinduzi, Bhanu akiwa msichana, familia yao ilipokuwa ikiondoka Unguja, kijana mwenye sare na bunduki alichakura debe la unga la mama yake, akatoa bangili sita. "Za nani hizi?" akauliza. Mama akamtazama usoni, akasema, "Si zangu." Wakaachiwa wakapita. Mama aliishi miaka mingi baadaye, lakini mikono yake ilibaki mitupu mpaka maiti yake inachomwa moto. Bhanu alishika somo moja tu: mwenye sare akikuuliza, kana.

Basi wakaenda Uturuki, kwenye uwanda wa Antalya, katikati ya milima na bahari ya Mediterania, kutembelea miji ya kale. Ndani ya ndege gagulo lilikaa sandukuni kwa sababu ya mashine za ukaguzi, na huko likavaliwa kutwa. Wenzake wa basini walistaajabia nguzo na mabafu ya Warumi. Bhanu alitazama milango. Kule Perge, mmoja wa miji hiyo, vizingiti vilikuwepo, nyumba hazikuwepo, akajiuliza waliokaa humo walitoka na nini mkononi.

Halafu mwongoza watalii wao akatania kwamba atakayekutwa na kitu cha kale, hata kigae, atalala jela. Watu wakacheka. Bhanu akabana sari yake miguuni. Dhahabu yake ilikuwa ya juzi tu, lakini nani angemwamini? Kule Aspendos, alipoketi kwenye ngazi za ukumbi mkubwa wa maonyesho wa Warumi, bangili ziligonga jiwe, kwa! Mtalii mmoja aligeuka kumtazama. Bhanu akakaa hapohapo, na hakuinuka mpaka Kalpana alipokuja kumvuta mkono. Mji wa Side ulimpita hivihivi; alichokiona ni polisi wa getini.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege London, alisukuma toroli huku akigeuka nyuma kila hatua mbili. Mtu akitembea hivyo husimamishwa hata kama amebeba mkate. Afisa wa forodha, mwanamke kijana, alimwita kwa kidole, akafungua sanduku, akapapasa nguo moja moja. Alipofika kwenye gagulo vidole vikasita. Akachukua mkasi, akakata upindo, bangili zikaanguka mezani.

Akauliza kama ni zake.

"Si zangu," Bhanu alijibu kwa Kiingereza chake, upesi upesi.

"Mum!" Kalpana alipiga kelele. Akaanza kueleza habari za baba yake, lakini afisa akamnyamazisha: sanduku ni la mama, mwenye kujibu ni mama. Kama si zake, zitabaki hapa hadi ijulikane zimetoka wapi. Akauliza tena. Bhanu alizitazama bangili, akarudi nyuma hatua moja. Alimwogopa binti huyu, mdogo kuliko mwanawe, kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote katika nchi hii.

Afisa akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akainuka. Hapo Bhanu akakumbuka mikono ya mama yake ikikanda unga, mitupu.

"Zangu!" Kilimtoka Kiswahili, tena kwa ukelele. "Mume wangu alinivisha! Zangu mimi!"

Kalpana akatafsiri huku analia. Afisa akamimina bangili mezani na kumwashiria mama mtu azivae, aone kama zinamkaa. Mifupa ya vidole ilikuwa imevimba kwa uzee. Bhanu alikunja dole gumba, akasukuma, ngozi ikachubuka, zikapita. Afisa akamrudishia sanduku.

Ndani ya treni ya kwenda Queensbury akaingia mkagua tiketi, sare yake nyeusi, akija kiti baada ya kiti. Mkono wa Bhanu ulikwenda wenyewe kuvuta mtandio ufunike bangili. Ukafika nusu, akauzuia. Alimnyooshea tiketi kwa mkono uleule. Ulikuwa ukitetemeka, bangili zikigongana, watu wakigeuka kutazama, naye hakuzinyamazisha.