Kabidi, Pilau na Ndizi za Harusi

Harufu kama ya kitunguu saumu, ikichanganyika na ya chuma cha moto, bado hunisimamisha njiani. Wengine hufikiria jikoni. Mimi humfikiria Tonton Saidi, mdogo wake baba, fundi wa kuchomelea vyuma pale mtaani Buyenzi, na mtungi wake mweusi kwa masizi. Alitia ndani mawe ya kijivu ya kabidi, akadondosha maji, na mawe yakachemka bila moto, yakitoa gesi ya asetilini. Ikiwashwa pamoja na oksijeni, gesi ile iliyeyusha chuma kama samli juani.

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo. Kabidi haikuingia tena nchini. Tonton alibakiwa na mawe machache kwenye kopo, ameyaweka kwa ajili ya kuziba sufuria kubwa iliyopasuka, ya pilau ya harusi ya shangazi yangu. Mara ndizi za harusi, zilizocheleweshwa na barabara kufungwa, zikafika kutoka mashamba ya Cibitoke zikiwa mbichi, ngumu kama kuni. Bibi, mama yake Tonton, akalitaka kopo. Kila muuza ndizi sokoni alijua kwamba kabidi huivisha.

"Mama, watu watakula ndizi bila pilau?" Tonton akalalamika.

"Na we utawapa pilau bila ndizi, kama kwenye msiba?"

"Mi niko na mawe haya tu!"

Nilikuwa msichana wa kuuliza-uliza. "Ndizi zinahitaji jiwe kubwa namna gani?"

Hakuna aliyejua, ikabidi kujaribu.

Tonton akamegua kipande cha ukubwa wa haragwe, akakifunga kwenye karatasi yenye unyevu, akakizika kati ya ndizi ndani ya pipa na kulifunika gunia. Taa na jiko akavipiga marufuku chumbani humo.

"Haka kataivisha kidole cha mutoto tu," Bibi akasema, na kila alipopita alilinusa pipa na kulitukana.

Kwa mawe yaliyobaki, sufuria ikazibwa. Asubuhi ya harusi tukafunua gunia: njano tupu!

"Dua yangu hiyo," akasema Bibi.

"Apana, Mama. Kabidi yangu!"

"Dua!"

Chuo kikuu kilinieleza kwamba asetilini hufanana na gesi ambayo matunda yenyewe hutoa yakiiva, hivyo ndizi hudanganyika kwa kiasi kidogo tu. Nilifurahi. Jambo jingine nilichelewa zaidi kulielewa. Risasi zilipolia vilimani, nyumba nzima ilinyamaza. Kwa ndizi, walipiga kelele mpaka majirani wakacheka. Wakati ule nilidhani wamesahau vita. Leo naona walikuwa wamepata, hatimaye, ugomvi ambao wangeweza kuumaliza wenyewe, kisha waketi kula pamoja.