Punje Mbili za Akamwani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi ni mtu wa Kaagya, mbishi tangu utotoni, na mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia wasio na kazi. Lakini hili nililiona mchana kweupe, saa tisa, wodini.

Nilikuwa namuuguza taata, baba yangu mzazi, katika hospitali moja upande wa Muleba. Virusi vilikuwa vimeshika mapafu. Daktari alisema makohozi yamejaa kifuani, yasipotoka tutampoteza. Kila asubuhi dada wa fiziotherapia alimlaza ubavu, akakunja kiganja kama kikombe, akampigapiga mgongo, pu, pu, pu, kisha akamwambia akohoe. Yalitoka kidogo tu. Nililia chooni, nisionekane.

Siku ya tatu mvua ikinyesha, akaingia mwanamume mwenye koti jeupe. "Nimekuja kwa kifua cha mzee," akasema. Barakoa hana. Koti kavu, viatu vikavu, na nje maji yanatiririka! Wewe usingeshtuka? Akaanza kupiga. Alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Makohozi yakatoka, na taata akavuta pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia wiki nzima. Mimi namkodolea macho mgeni. Ameinama, anafanya kazi, anaongea, lakini kifua chake mwenyewe hakipandi wala hakishuki. Haki ya Mungu nilitazama mara tatu.

"Kaka, jina lako nani?"

"Mzee atanijua," akajibu.

Taata, kwa furaha, akaingiza mkono chini ya mto akatoa akamwani, kahawa ile kavu tunayotafuna na wageni. Akapasua moja. Punje moja akatia kinywani, ya pili akampa yule mtu. "Kasinge waitu, asante sana. Leo wewe ni ndugu yangu. Kwangu ni kwako."

"Taata, usimpe!" nikapiga kelele. Kwetu Wahaya, punje mbili za ganda moja zikigawanywa hivyo ni undugu, na undugu huo haukatiki. Yule mtu akatafuna taratibu, huku ananitazama mimi.

Kesho yake asubuhi nikamuuliza yule dada. "Kazi hii hapa naifanya peke yangu," akasema. "Wewe ulimwona nani?"

Taata alipona, tukarudi Kaagya. Siku ya pili, saa tisa, amekaa barazani, nikasikia pu, pu, pu. Shati lake linabonyea mgongoni, mkono siuoni. Naye amefumba macho, anasema, "Ndugu yangu amefika." Padri amekuja kuombea nyumba, wapi! Kila siku saa tisa.

Sasa niambie, huyo anatibu au anatuzoea? Nisikilize basi. Mgeni wodini mpe kiti, mpe chai, mshukuru. Punje usigawane naye kabla hujaona kifua chake kikipanda.

Mimi nimeshachelewa. Jumapili mwanangu wa miaka minne aliamka anakohoa. Saa tisa nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasikia pu, pu, pu kutoka chumbani kwake. Nikakimbia na kisu mkononi. Mtoto amekaa kitandani peke yake, anapumua vizuri kabisa. Mkononi ameshika ganda la akamwani, tupu, na anatafuna punje moja tu.