Kayamba Lililopotea Kwenye Spika

Kitu cha kwanza kupotea kwenye spika za Noel Kitundu kilikuwa kayamba. Ilikuwa kanda ya kwaya ya Kinampanda, iliyorekodiwa enzi ambazo mkewe, Rahabu, ndiye aliyepiga kayamba, na Noel aliijua kama njia ya kisimani. Jioni moja akaiweka. Ngoma zikaja, sauti nzito za wanaume zikaja. Mahali pa kayamba pakawa kimya.

Akasingizia vumbi. Spika zenyewe zilikuwa masanduku mawili ya mbao aliyorithi kwa baba yake, yanayomfika mtu kiunoni, na kwa hayo alipiga muziki harusini vijiji vyote vya jirani. Akayafungua, akapangusa, akabadilisha nyaya. Kimya kilekile.

"Zimezeeka, Mama Andrea," akamwambia Rahabu.

"Mbona mimi nasikia?"

"Unasema?"

"Mbona mimi nasikia!"

"Wewe unasikia kwa kukumbuka."

Basi akawa anapandisha sauti nyembamba kwenye amplifaya, kila harusi zaidi ya iliyopita. "Mzee Noel, unatutoboa masikio!" wakamlalamikia wenye sherehe, kisha wakaanza kukodi vyombo vya muziki kutoka Kiomboi. Kwake huo ukawa ushahidi kwamba spika zimekufa, na zikifa, kazi yake imekufa nazo.

Akauza ng'ombe wake wawili wa kulimia. Rahabu alilia, haikusaidia kitu. Noel akapakia masanduku yake kwenye lori la alizeti, akashuka nayo Singida Mjini, kwenye duka la kijana aitwaye Godfrey.

"Shikamoo mzee. Hizi hapa ndizo za wakubwa," Godfrey alisema, akawasha spika mbili nyeusi, nyembamba kama milango. "Sikia hiyo kengele inavyolia! Safi kama maji ya chupa, au siyo?"

Noel hakusikia kengele yoyote. Alimtazama kijana anavyotabasamu, akaona haya.

"Safi," akasema.

Ng'ombe hawakutosha, kwa hiyo masanduku ya baba yake yakabaki dukani kama nyongeza. Godfrey alishayaahidi kwa fundi aliyetaka mbao na sumaku tu.

Nyumbani hakungoja hata chai. Akaunganisha nyaya, akaweka kanda. Ngoma zikatetemesha dirisha. Noel akasogea hadi shavu lake likagusa kitambaa cha spika. Akapandisha sauti. Akapandisha tena.

Rahabu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Ni nzuri kweli, Baba Andrea," alisema kwa sauti ya juu, kama ambavyo amekuwa akisema naye tangu mwaka juzi. "Zile za zamani zilikuwa zinanifichia aibu. Humu hata pale nilipokosea kayamba panasikika."

Noel akazima.

Alikaa kwenye kigoda, mgongo kwa spika. Nje, nira ilikuwa imeegemea zizi tupu, na mawingu ya kupandia yalikuwa yameshajikusanya upande wa Sekenke.

"Lile kayamba lako bado lipo?"

Rahabu akaingia chumbani, akarudi nalo, limefifia rangi. Akasimama mbele yake, akalisogeza karibu kabisa na sikio lake.

Vifaranga waliokuwa wakidonoa mlangoni wakatimka wote kwa pamoja.

"Tikisa basi," Noel akamwambia.

Mikono ya Rahabu ilikuwa tayari inalitikisa.