Vipimajoto Visivyofika Mia

Mimi ni mtunza stoo wa shule, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sipendi mtu anayeingia stoo yangu bila hodi. Mwalimu wa sayansi alikuwa na tabia hiyo. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kwa Nini, nasi wakubwa tukalidaka, maana ukimwambia mvua inanyesha, atataka kujua kwa nini haikunyesha jana. Mpole wa uso, lakini maswali yake hayaishi, na mimi maswali hunichosha.

Muhula ule ulishuka waraka wa viwango vipya vya sayansi. Mtoto asikariri tena. Apime, aone, aeleze mwenyewe. Vizuri sana, ila waraka wenyewe ulikuja mkono mtupu, hata kopo la kupimia halikuufuata. Mwalimu mkuu akamwita Mama Kwa Nini, akamwambia mbele yangu kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi. Asiporidhika, sayansi atapewa mwalimu mwingine, na yeye atarudi kufundisha mwandiko darasa la kwanza. Alitoka ofisini macho yamemwiva. Sayansi ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi, tulijua wote.

Siku mbili akakomaa na simu, akitafuta masomo ya bure. Alikaa kwenye ngazi ya stoo yangu kwa kuwa mtandao unashika hapo tu, na kila mara nilimsikia akiguna.

"Wanasema bure, Mzee wa Stoo. Ukishajaza mpaka umri wa bibi yako, ndipo wanaomba kadi ya benki."

Somo moja lilitaka darubini, jingine barafu kavu, kitu ambacho mimi sikujua hata kama kipo. Mwisho akaangukia ukurasa wa mwalimu mmoja wa mbali, aliyeweka masomo yake yote pale kila mtu ajichukulie. Lile la joto lilihitaji jiko, sufuria, maji na vipimajoto. Watoto wachemshe maji, wasome, waandike.

"Vipimajoto unavyo?" akaniuliza.

"Kumi na viwili. Vibovu."

Nikamshushia boksi. Niliandika MBOVU juu yake kwa mkono wangu, miaka hiyo, mwalimu aliyemtangulia aliporudisha vyote akilalamika kwamba maji yanatokota na vyenyewe havifiki mia. Nilivijaribu mwenyewe kwenye birika langu la chai. Tisini na nne, tisini na nne, mpaka cha mwisho.

Akaniangalia hadi nikaona haya. "Vyote kumi na viwili vimeharibikia palepale?"

"Ndivyo."

"Vingekuwa vibovu, kimoja kingesoma themanini, kingine sabini, kingine kingelala tu. Kwa nini hivi vinakubaliana?"

Nikamwambia nina kazi. Kumbe naye alikuwa na yake. Alikwenda dukani ng'ambo ya barabara, akarudi na mfuko wa barafu, akaiponda ndani ya ndoo yangu ya kudekia, bila kuomba, akachomeka vipimajoto vyote. Tukachuchumaa pale kama watoto. Barafu ikaanza kuyeyuka, navyo vikashuka taratibu, vyote, hadi sifuri. Nikasahau kwamba nilikuwa nimekasirika.

"Ni vizima," akasema. Akarudi kwenye simu, akasoma weee, kisha akanionyesha dirishani, bonde lilivyo chini yetu kabisa. Sisi tunaishi juu mno. Huku hewa inayoyagandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo maji hutokota kabla ya kufika mia. Mia ni ya watu wa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimefungia vifaa vizima kabatini.

Alhamisi mkaguzi akaja, bwana mwenye mvi na faili chini ya kwapa. Nami nikajipenyeza kwa kisingizio cha kulinda jiko. Sufuria zikatokota. Msichana mmoja wa mbele akaandika tisini na nne, akafuta, akaandika mia.

"Mia umeiona wapi?" Mama Kwa Nini akamuuliza.

"Kwenye kitabu, mwalimu."

"Na kwenye kipimajoto?"

"Tisini na nne."

"Andika ulichokiona. Halafu tutatafuta sababu."

Mkaguzi akafungua faili. Nilikuwa nyuma yake, nikaona kwenye karatasi yake: jibu linalotarajiwa, mia. Akaanza kuandika kwamba vifaa ni vibovu. Sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo mle ndani, lakini niliufungua.

"Mheshimiwa, aliyeviita vibovu ni mimi, na nilikosea. Vipime."

Mwalimu mkuu alinikata jicho. Mkaguzi alichukua kipimajoto, akakitumbukiza kwenye sufuria, akasoma. Akachukua cha pili, cha tatu, na sufuria nyingine. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Kwa nini?"

Naapa, sijawahi kumwona yule mama akifurahi vile kuulizwa swali lake mwenyewe. Akawaachia watoto wajibu, wakajibu wakigombania, mmoja akionyesha bonde, mwingine akitaka wabebe sufuria hadi chini wakapime tena.

Mkaguzi akaikata ile sentensi yake, akaandika kwamba mwalimu huyu aendelee na sayansi, akatia sahihi. Kisha akaomba daftari la yule msichana wa mbele. Akapitisha kidole pale palipofutwa.

"Mimi nimesoma hukuhuku mlimani," akamwambia. "Nilipata tisini na nne. Nikafuta, nikaandika mia, nikapewa vema."

Akamrudishia daftari, akamuuliza bonde liko umbali gani kwa miguu.